Bawabu Asimame Mbele

Fundi wa makochi hujua siri nyingi za watu, na huyu wetu alizijua kuliko inavyopendeza. Ukimletea kochi kuukuu, akalibandua kitambaa na kuiona sponji, atakuambia bila kupepesa macho kwamba mwenyewe alikuwa mzito wa upande wa kushoto, au kwamba alilala humo mchana huku akidai anasoma gazeti, au kwamba wale wawili waliozoea kukaa pamoja walifika mahali wakaacha kukaa karibu. Si uganga. Sponji hubonyea inapokaliwa, basi. Wateja walicheka, lakini wengine waliondoka na makochi yao wakiwa wameinamisha kichwa.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa bati. Yeye na cherehani yake walikaa upande wa dirisha, na upande wa pili alikaa seremala aliyemtengenezea fremu, ambaye wote walimwita Kipimo kwa sababu alipima kila ubao mara tatu na bado akaukata mfupi. Fundi alifanya kazi na misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ncha ya nyundo yake yenye sumaku, na ukimuuliza kitu akiwa katika hali hiyo alikujibu kwa nyusi. Mumewe alikuwa akisema huo ndio wakati pekee ambapo mtu angeweza kuishi naye kwa amani.

Mumewe sasa. Alikuwa karani wa ghala la vipuri vya magari, mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti isiyolingana kabisa na mwili. Ukiongea naye kwa simu ungetegemea kukutana na jitu. Ukimwona ungeanza kutafuta yule uliyekuwa ukiongea naye kajificha wapi. Hawakujaliwa mtoto. Walijaliwa kelele, yeye na nyundo yake, mumewe na simu yake. Maana bwana yule akitoka kazini, akishavua viatu, hakuwa na lingine ila mchezo wa kadi uitwao Malango. Unakusanya kadi zenye viumbe wa ajabu, unachagua watano, unawapanga mstari mmoja, wanapigana na watano wa mtu mwingine aliye mbali ambaye humjui, mpaka upande mmoja uishe. Fundi aliuita mchezo ule mke mwenza. "Mke mwenzangu kaamka?" angeuliza akiusikia ule muziki. "Kaamka," mumewe angejibu bila kuinua kichwa, "na wala hagombi."

Kisha kifua kikaanza kumsumbua bwana yule, kikamlaza, kikamchukua. Alikata roho wodini wakati mkewe amekwenda nyumbani kuleta shuka safi. Aliyekuwepo kando ya kitanda ni dada wa marehemu, wifi yake, na wifi hakusimulia, na fundi hakuuliza. Alirudi na shuka mikononi, zimekunjwa vizuri, akaambiwa palepale kwenye korido. Tangu siku hiyo jambo moja lilimwandama: sauti ile kubwa ilikuwa imemalizika mahali fulani, kwa neno fulani, na yeye hakuwepo. Nyumba nzima ilikuwa bado imejaa mumewe, ila mumewe bubu.

Siku alipoiwasha simu ya marehemu alikuwa akitafuta namba ya mtu wa ghalani. Kidole kikateleza, kikagusa alama ya mchezo. Muziki ukaanza, na kabla hajauzima, mtu akasema mle chumbani:

"Nipo, nipo! Msisukumane."

Simu ikamponyoka, ikaangukia mkeka. Ilikuwa sauti ya mumewe hasa, nene, yenye ule mkwaruzo wa mtu aliyetoka kucheka muda si mrefu. Fundi aligeuka kuangalia kiti cha pale dirishani kabla akili haijamkataza. Hakukuwa na mtu. Sakafuni, kwenye kioo cha simu, alisimama mzee mfupi wa kuchorwa, taa mkononi na rundo la funguo kiunoni, na chini yake jina: Bawabu. Fundi alikaa hapohapo sakafuni akalia mpaka akachoka, kisha akanyoosha kidole akagusa tena.

Ikawa ndiyo mazoea. Kila asubuhi, kabla ya kwenda karakana, alifungua mchezo, akasubiri, akaambiwa "Nipo, nipo! Msisukumane," akafunga. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzia wapi? Siku nyingine alimjibu kabisa. "Haya, nimekusikia," alisema, akabeba mkoba wake akatoka. Kuna asubuhi alimfanya aseme mara nyingi mno, mpaka maneno yakapoteza maana na kubaki mlio tu wa koo la mtu, akaogopa, akaifunga simu ndani ya kabati kana kwamba ingemfuata. Usingizi ulimpaa. Mchana, akishona, aliisikia sauti ile ndani ya mngurumo wa cherehani. Akasimamisha cherehani kusikiliza, na Kipimo akainua uso kuuliza kuna nini. Hakuna kitu, alimjibu kwa nyusi.

Wifi yake alimjia mbio siku ya kazi, mchana, akiwa bado na koti jeupe la duka la dawa anakouza. Ni mwanamke mnene, mcheshi, ambaye mdomo wake haukai, lakini siku hiyo aliingia karakana ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Wifi, simu ya kaka iko wapi?"

Fundi alitema misumari kiganjani. "Nyumbani. Kwani vipi?"

"Nani anaishika?"

"Mimi."

Wifi alijibwaga juu ya rundo la sponji, akaanza kujipepea kwa mkono. "Yaani wewe unataka kuniua. Asubuhi napanga dawa, nafungua Malango kidogo nione kundi letu, naona jina la kaka lina taa ya kijani. Ya kijani, wifi! Maana yake mwenyewe yupo, kaingia, yupo mchezoni saa hiyohiyo. Nimemwaga vidonge vya watu sakafuni. Mteja ananiuliza mama unaumwa, nashindwa hata kumjibu."

"Kumbe na wewe unacheza?"

"Nacheza tangu lini! Tulikuwa kundi moja na kaka. Ulitaka akuambie, umfuate na hiyo nyundo?"

Kipimo alijitia anapima ubao. Fundi akamvuta wifi yake karibu na dirisha, akamweleza kwa sauti ya chini: alama ya mchezo, mzee mwenye taa, yale maneno. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa wifi ulivyobadilika.

"Sauti yake?" wifi aliuliza. "Ya kaka mwenyewe? Ina maana alirekodi?"

Akamfafanulia. Mchezo ule unamruhusu kila mchezaji kuchagua kadi moja tu na kuipa sauti yake. Unairekodia miito mitatu: wa kuingia uwanjani, wa kushinda, na wa kuanguka. Inasikika kwenye simu yako wewe, wengine hawaisikii. Wachezaji wengi huona aibu kujirekodi, au humpa sauti yule mnyama wao mkali kuliko wote, joka au chui, wangurume naye wajisikie wanaume.

"Sasa kaka akampa Bawabu," wifi alisema. "Yule kibogoyo! Kundi zima tulikuwa tunamcheka. Kadi ya watoto wanaoanza. Watu wanaitupa siku ya pili, yeye kang'ang'ana nayo hadi juu kabisa."

Jioni ile alikuja nyumbani kusikiliza. Fundi aliiweka simu mezani katikati yao, akagusa. "Nipo, nipo! Msisukumane." Machozi yalimtoka wifi bila kelele, jambo ambalo kwake lilikuwa geni, na kwa muda walikaa hivyo wanawake wawili wakimtazama mzee wa kuchorwa akipunga taa yake. Kisha wifi akajipangusa, akaivuta simu karibu, akaona kitu ambacho fundi hakujua maana yake: kadi ya Bawabu ilikuwa na utepe mwekundu pembeni.

"Hii imekuwa hivi tangu lini?"

"Nimeikuta hivyohivyo. Ni urembo, si ndiyo?"

"Urembo gani, wifi." Sauti ilimshuka. "Kaka hakucheza msimu huu. Alikuwa kitandani. Kadi yenye sauti ambayo haijawa kwenye timu iliyoshinda hata pambano moja msimu mzima inanyang'anywa. Inarudi hazina, wanampa mtu mwingine. Na msimu unaisha Jumapili jua likizama."

"Na sauti?"

"Inafutwa."

"Inafutwa vipi?"

"Inafutwa, wifi yangu. Kama haijawahi kuwepo."

Walijaribu kuirekodi kwa simu ya wifi. Ilirekodika. Wakaisikiliza, na ilikuwa sauti ya mtu anayesemea ndani ya ndoo. Lakini si hilo lililomkera fundi. Ile ya kwenye simu ya wifi ilikuwa kumbukumbu, unaiagiza inasema. Ya kwenye mchezo ilikuja na mwili, na taa, na hatua tatu za kutoka gizani kabla ya kusema, na moyo wake ulidunda kila mara akizisubiri hatua zile. Tena kulikuwa na miito mingine miwili ambayo hakuna aliyewahi kuisikia ila mwenyewe. Hiyo ingekwenda bila ya mtu kujua ilisema nini.

"Basi nashinda," fundi alisema. "Pambano moja, si ndiyo? Hilo moja nalishinda."

Wifi akacheka kidogo, kicheko cha kusikitika. Kaka yake alikuwa amepanda hadi ngazi za juu, huko waliko papa, na ngazi haishuki mpaka msimu uishe. Mtu aliyejifunza kuogelea jana angetupwa humohumo na papa wale. Fundi akamwambia asimtishe, yeye amewahi kubishana na wateja wenye kochi la ngozi. Wifi akamwonyesha namna ya kuchagua na kupanga, akaenda kwake.

Kesho yake, saa ya mapumziko, fundi alikaa kwenye kochi la mteja lisilo na miguu, akaitoa simu, akaanza kazi. Aliwachagua kwa sura, kama mtu anavyochagua vibarua wa kubeba kabati. Akachukua Chui wa Kioo, anayepiga vibaya sana. Akachukua Malkia wa Nyuki, Pacha wa Moshi na Joka la Kutu, wote wakali, wote wenye meno. Na nyuma yao wote, mwisho kabisa wa mstari, ambako kipigo kingechelewa kufika, akamweka Bawabu.

"Kaa hapo," alimnong'oneza. "Usitoke."

Walipigwa. Chui alivunjika kwa pigo la kwanza, maana kioo ni kioo. Nyuki walidumu kidogo. Moshi ukapeperushwa. Joka likaanguka na kelele nyingi, na yale majitu ya upande wa pili yakaanza kumwendea mzee mwenye taa, aliyekuwa amesimama peke yake akitetemeka mikono. Fundi hakusubiri. Pembeni mwa kioo palikuwa na kitufe kilichoandikwa Salimu Amri, akakibonyeza kwa nguvu karibu apasue simu. Uwanja ukatoweka. Bawabu alikuwa salama, bila hata mkwaruzo, na utepe mwekundu ulikuwa palepale.

Akarudia. Akabadilisha joka akaleta nyati, akabadilisha nyati akaleta mbwa wa vichwa viwili. Kila mara ilikwenda vilevile: wanne mbele wakafa kishujaa, na walipofika kwa Bawabu, yeye akasalimu amri. Siku ile na iliyofuata alicheza kila alipopata nafasi, misumari mdomoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la gundi. Alishona foronya ya mteja ndani nje, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu awe mwanafunzi, na Kipimo, aliyezoea kuchekwa yeye, alishindwa hata kufurahi.

"Fundi, pumzika," alimwambia. "Unafanana na mtu anayekimbizwa."

Na kweli alikuwa anakimbizwa. Jumapili ilikuwa inakuja na miguu yake yote.

Ijumaa jioni wifi alipita nyumbani. Alimtazama akicheza pambano moja tu, akashika kiuno.

"Sasa hii nayo ni timu? Umeleta misumari mitupu, mbao ziko wapi? Wote hawa ni wa kupiga. Nani wa kupigwa?"

"Nataka wamalize kazi kabla adui hajafika kwa Bawabu."

"Na Bawabu huko nyuma anafanya nini?"

"Anakaa."

"Anakaa! Kwa hiyo unapigana wanne kwa watano. Hajui kupiga huyo, wifi, tangu azaliwe." Akaichukua simu, akamgusa mzee mpaka yakatokea maandishi madogo chini ya miguu yake. "Soma hapa. Hujasoma hapa?"

Fundi alisoma. Bawabu hapigi. Anapoanguka anaacha mlango wazi, na kila aliye nyuma yake anapata pumzi mpya na zamu ya pili ya kupiga.

"Ndiyo maana kaka alimpenda," wifi alisema, sasa amechangamka, anapanga kadi kwa vidole vyepesi. "Chui anavunjika haraka, sawa, lakini akipata zamu mbili anamaliza wawili. Nyuki nao wanaongezeka. Timu yote ilijengwa hapo. Anaingia Bawabu, wanamwangukia kama mvua, wanadhani wamepata, kumbe wamefungua mlango. Unamweka mbele. Kazi yake ni kufa."

Wifi mwenyewe aliyasikia maneno yake yakiwa yameshatoka.

"Umesemaje?"

"Nasema ya mchezo, wifi. Ni kadi."

"Kama ni kadi, ulikuwa unalia nini juzi?" Fundi alisimama. "Wewe ulikuwepo. Ulimwona akienda, ulimsikia. Mimi nilikuwa nakunja shuka. Sasa unaniambia nimweke mbele kwa mkono wangu, nibonyeze, nikae nimsikilize anakufa? Mwito wa kuanguka si upo? Kwa sauti yake? Usikilize wewe, uliyezoea."

Wifi akachukua mkoba wake, akatoka, na viatu vyake vikasikika ngazi nzima hadi chini.

Jumamosi fundi hakwenda kazini. Alicheza akiwa kitandani, jikoni, mlangoni. Alipigwa kila mahali. Adhuhuri alimpanga Bawabu mbele mara moja, akamtazama amesimama pale na taa yake, akamrudisha nyuma. Alijua vizuri kwamba wifi amesema kweli, na hilo ndilo lililomchoma. Yeye mwenyewe, katika makochi ya watu, hakuwa na huruma hata kidogo: sponji iliyokufa anaichana kwa kisu anaitupa nje, na kama mwenyewe analia juu ya kiti cha marehemu mama yake, humwambia kwa upole kwamba kiti kisichofunguliwa huoza. Alikuwa amewaambia watu wengi maneno hayo. Sasa aliyaona jinsi yalivyokuwa rahisi.

Jumapili baada ya chakula, ambacho hakukila, alimpigia simu wifi yake.

"Nitamweka mbele," alisema. "Lakini uje ukae hapa."

"Nakuja hivyohivyo nilivyo," wifi alisema, na kweli alikuja na kandambili na kitambaa cha kichwa cha nyumbani. Hakuna aliyeomba msamaha. Fundi alisogeza mto kwenye kochi, wifi akakaa, yakaisha.

Jua lilikuwa limeshalalia ukuta wa nyumba ya jirani. Waliijenga timu pamoja, polepole, kama wanaopanga vyombo vya mtu mwingine. Bawabu mbele. Nyuma yake Chui wa Kioo, kwa sababu ndiye atakayefaidi zaidi ile zamu ya pili. Kisha Malkia wa Nyuki. Wifi akalitoa joka, akasema lina makelele na halina msaada, akaweka Mama wa Chumvi, kadi nyeupe nyeupe inayoponya wengine. Mwisho Pacha wa Moshi, wa kumalizia. Fundi aliitazama timu, na kwa mara ya kwanza aliona mkono wa mumewe ndani yake, namna yake ya kufunga mzigo ghalani, kizito mbele, chepesi nyuma. Mtu aliyekaa miaka akiitazama simu ile, na mkewe akidhani anapoteza muda tu, alikuwa amefikiri haya yote.

Kidole cha fundi kilisimama juu ya kitufe cha kuanza, kikagoma. Wifi akakibonyeza yeye.

Giza, hatua tatu, taa. "Nipo, nipo! Msisukumane."

Papa aliyekutana nao alikuwa na majitu ya mawe na ndege mwenye makucha ya shaba. Wakamwangukia mzee wote kwa pamoja. Pigo la kwanza lilimpinda mgongo. La pili lilimwangusha funguo. Kile kitufe cha Salimu Amri kilikuwa pale pembeni, kinang'aa, na mkono wa fundi ukakiendea wenyewe, na wifi akaushika mkono ule akaubana magotini mwake kwa mikono miwili. Pigo la tatu likaja. Taa ikaanguka, ikavunjika.

Kwanza ulisikika mkwaruzo, wa simu inayosogezwa mdomoni, na kiti kikilia chini ya mtu anayejiweka sawa. Kisha mumewe akaanza kufa, kwa madaha, kama anavyokufa mtu aliyewahi kuona watu wakifa kwenye televisheni tu.

"Aaah! Nimekwisha mie! Wanangu, waambieni..."

Na hapo, kwa mbali, kutoka chumba kingine, sauti ya mwanamke ikamkata:

"Wewe bwana! Chakula kinapoa huku, na mimi siiti mara mbili!"

Kikafuata kimya kifupi. Halafu mumewe akacheka, si kicheko cha kuigiza, kile chenyewe, akajibu kwa sauti ya kawaida ya mtu aliyeko nyumbani kwake:

"Nakuja!"

Ikaishia hapo. Uwanjani mlango ulifunguka, chui akapiga mara mbili, nyuki wakajaa kioo kizima, na wifi akawa anatazama kwa sababu fundi hakuwa anatazama. Mwito wa kushinda haukusikika, maana wa kuutoa alikuwa chini. Utepe mwekundu ulichanika wenyewe, ukatoweka.

"Tumeshinda," wifi alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Wifi, kabaki. Ni wako." Kisha, baada ya muda, "Angeweza kurekodi upya, unajua. Wanaruhusu, mara zote utakazo. Kakuacha humo."

Fundi alikuwa amegeuka, anaangalia mlango wa jikoni. Sauti ile, yake mwenyewe ya siku zile, ilikuwa imetoka kama ya mtu aliyesimama pale, mwiko mkononi, amekunja uso, njaa inamuuma, ana mume chumba cha pili na wala hana habari kwamba hilo ni jambo. Aliisikia hasira yake, ile hasira ya bure, ya mtu mwenye kila kitu. Akamwonea wivu mwanamke yule, wivu wa kuuma kabisa. Siku zote hizi alikuwa akimtafuta mumewe ndani ya simu, na humo kumbe kulikuwa na mtu mwingine, aliyekwenda pamoja naye siku ileile, na huyo hakuna aliyemzika wala kumlilia. Jikoni hapakuwa na mtu. Sufuria zilikuwa zimefunikwa tangu asubuhi.

"Upumzike sasa," wifi alimwambia. "Imekwisha, leo hawamchukui tena."

"Mpange tena," fundi alisema.

"Wa nini tena? Tumeshashinda."

"Mpange, wifi. Mbele palepale."

Wifi alimtazama usoni, akaona si mtu wa kubishana naye, akaichukua simu akampanga.